Akirudisha Hataulizwa

Sindano ilimdunga Bi Kulthum kidole kwa mara ya pili asubuhi ile, akaisonya sindano na akakisonya kidole. Buibui la watu lilikuwa mapajani, upindo wake mrefu, na yeye anaupinda kwa mkono, yeye ambaye mtaa mzima wa Langoni walimjua kwa cherehani yake. Wateja walishaanza kumkimbia. Hakuwalaumu. Nani atangoja upindo wa mkono na arusi ni Ijumaa? Ngano imepanda, uzi umepanda, hata maji ya kununua kwa mwenye punda yamepanda, na mkono wake ni ule ule.

Meza ya cherehani ilikuwa pale ukutani na tundu lake katikati, juu yake ameweka sinia ili lisimkodolee macho. Cherehani yenyewe haikupotea. Hilo ndilo lililomkera. Ilikuwa kituo cha polisi, nyuma ya kaunta, imefungwa kikaratasi shingoni, inakula kutu. Mwizi alikaa nayo siku chache tu akairudisha. Polisi wanayo mwaka sasa. Kila akienda kuiulizia huambiwa neno moja: "Ni ushahidi, mama." Na leo ndiyo siku ya kesi.

"Hodi," ilisema sauti ya jirani yake Hindu mlangoni, na Hindu akaingia bila kungoja karibu, maana nyumba zao zilikuwa zimegawana ukuta mmoja tangu mama zao. Macho yalikuwa mekundu. Mshtakiwa alikuwa mwanawe, Ubaid.

"Dada, utasemani leo?"

"Siyui, Hindu. Wallahi siyui."

"Sema hukumbuki."

"Nishike Msahafu niseme sikumbuki? Mtu mzima mimi?"

Hindu alikaa kitako sakafuni, akaushika upindo wa buibui akausaidia kuukunja bila kuambiwa. "Sikulazimishi," alisema. "Lakini wanasema ni miaka saba. Mtoto wake atakuwa asoma, hamuyui babake."

Bi Kulthum aliinamia sindano yake, kwa sababu aliyemtia Ubaid mikononi mwa polisi si mwengine, ni yeye. Alimtia kwa ulimi wake, kwa nia safi kabisa, na tangu siku ile hajalala usingizi wa kueleweka.

Mambo yalikuwa hivi. Siku cherehani ilipotwaliwa, Bi Kulthum alikuwa amekwenda mazishini. Mlango wa uwani aliuacha na komeo tu, kama alivyouacha miaka yote. Kufuli ni la wenye dhahabu. Aliporudi akakuta meza ina tundu. Watu wakamwambia piga ripoti, akaenda akapiga. Koplo Crispus akaandika, akamwambia watampigia simu. Simu gani! Basi akamwendea Maalim Shuaib, na Ijumaa ile, watu wametoka kusali, kipaza sauti cha msikiti kikasema: aliyetwaa cherehani ya Bi Kulthum airudishe. Akirudisha, amesamehewa, hataulizwa. Asiporudisha, Jumatatu baada ya alasiri itasomwa Halbadiri.

Langoni hakuna asiyeijua Halbadiri. Watu hukaa wakayasoma majina ya waliopigana Badri, wakamshtaki mwizi kwa Mwenyezi Mungu, na mahakama hiyo haiahirishi kesi. Utaambiwa fulani alifura tumbo, fulani alipofuka njiani akienda kuuza. Bi Kulthum mwenyewe mwili ulimsisimka aliposikia jina lake limetajwa pamoja na jambo hilo.

Jumatatu, adhuhuri haijaadhiniwa, Ubaid akaonekana usita mkuu, njia ya katikati ya mji, na cherehani begani, mchana kweupe, punda wanampisha. Kijana aliyekwisha oa, mkewe Safaa ana kichanga cha siku arubaini, na kazi ya kibarua kule bandarini ilikwisha wakafukuzwa wote. Alikuwa ametapika tangu alfajiri. Ikiwa ni Halbadiri au ni maharagwe ya jana, Mungu ndiye ajuaye. Aliiweka cherehani kwenye ngazi za msikiti, akalia mbele za watu na kamasi zikimtoka.

"N'mekusamehe," Bi Kulthum alimwambia, naye analia. "Duniani na akhera."

Maalim akasoma Fatiha, watu wakaitikia amina. Ubaid mwenyewe akaenda akaifunga cherehani mezani, akaitia mafuta. Yakawa yamekwisha. Kwa watu wa Langoni yalikuwa yamekwisha kabisa.

Lakini Bi Kulthum, na uungwana wake! Alijiambia si vizuri watu wazima wa serikali waendelee kutafuta kitu kilichokwisha kupatikana. Kutafuta! Akajifunga buibui, akaenda kituoni kuwapa habari njema. "Imerudi," aliwaambia. "Futani ile ripoti."

"Imerudishwa na nani?" Koplo Crispus aliuliza, peni mkononi.

"Ubaid wa Hindu. Lakini tumeyamaliza msikitini."

"Aliingia aje?"

"Alifungua komeo la uwani."

Crispus akaandika, akamwonyesha pa kutia sahihi, na Bi Kulthum akatia, miwani ameiacha nyumbani. Magharibi ya siku hiyo Ubaid akapitishwa na pingu. Nyuma yake askari wa pili amebeba cherehani.

Na tangu hapo Ubaid yuko rumande bara. Siku aliposomewa mashtaka aliulizwa ni kweli au si kweli, akajibu, "Nilisamehewa." Karani akamtazama hakimu, hakimu akamtazama karani, na ikaandikwa kwamba mshtakiwa amekana.

Sasa Bi Kulthum alitia udhu, akavaa, akatoka. Kabla ya kushuka kortini alipitia kwa Maalim Shuaib, aliyekuwa barazani kwake akipanga juzuu za watoto wa chuo chake cha Kurani.

"Maalim, leo nitaapishwa. Nifanyeje?"

Maalim aliendelea kupanga. "Ushahidi wa uwongo ni katika madhambi makubwa, Bi Kulthum. Hilo halina mjadala."

"Na nikisema kweli?"

"Kweli ni kweli."

"Lakini tulimpa ahadi. Wewe ndiwe uliyesema hataulizwa. Sauti yako, kipaza sauti chako."

Maalim aliinua macho, akaangalia kulia na kushoto kwanza. "Ahadi pia ni amana," alisema polepole. "Ataulizwa mwenye kuivunja."

"Basi twende wote ukamwambie hakimu hivyo hivyo!"

"Mimi?" Juzuu zilimponyoka. "Bi Kulthum, wewe wazijua nyakati hizi, kila maalim hushukiwa. Maalim asimame kortini aseme nilitaka kumsomea mtu Halbadiri? Wataniuliza kikao kilikuwa cha nani, nani alihudhuria, na mwisho wataufunga msikiti. Fanya utakalofanya, Mungu yu nawe. Lakini jina langu usilitaje."

Bi Kulthum alimtazama, akahisi hasira inampanda mpaka masikioni. Alitaka kumjibu, na jibu alikuwa nalo, lakini alikuwa na udhu, akaogopa kuuharibu kwa maneno. Akamwacha hapo anaokota juzuu zake.

Kortini watu walikuwa wamekaa uwanjani, kila mmoja na lake. Koplo Crispus alimwona kutoka mbali, akamjia anatabasamu. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa akisalimia wazee vizuri, na Jumapili huimba kwaya kanisani kwao.

"Mama, umekaa fiti? Leo tunamaliza hii maneno."

"Bwana Crispus, mimi n'liyeibiwa nataka kuiondoa hii kesi. N'mekwambia mara ngapi?"

"Na mimi nimekuambia, mama, hii kesi si yako. Ni ya Jamhuri."

"Jamhuri aliibiwa nini?"

Crispus alicheka, akamvuta pembeni kwenye kivuli cha ukuta. Sauti ikashuka. "Lakini hakuna kitu haiwezekani. Ile familia ya kijana, waambie waongee na mimi vizuri. Faili inaweza lala. Shahidi akose, mimi nikose, kesi ifutwe. Si unaelewa?"

Bi Kulthum alielewa, akaelewa sana. Alimtazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Mimi n'liyeibiwa n'mesamehe bure," alisema, na hakuishusha sauti yake. "Wewe hukuibiwa hata uzi. Wataka ulipwe msamaha wa nani?"

Watu wawili watatu waligeuka. Crispus alirekebisha mkanda, tabasamu likafa. "Basi tutaonana ndani, mama. Na ujue maneno yako tunayo. Ulisema alivunja mlango."

"Alivunja nini?"

"Mlango. Kuvunja nyumba na kuiba. Uliweka sahihi."

"N'lisema alifungua komeo! Mlango wangu haukuvunjwa. Ndoo nyumbani uuone, uko pale pale tangu enzi za babu yangu!"

"Kufungua, kuvunja, aliingia ama hakuingia?" alisema Crispus, akaondoka.

Bi Kulthum akakaa kwenye bao la kukalia. Kumbe miaka saba ni ya kuvunja nyumba, nayo pia ilitoka kwake. Si jina tu alilowapa, amewapa na mlango. Alikuwa bado amekaa hapo alipokuja kiongozi wa mashtaka, mwanamke mrefu anayeitwa Cherono, na faili kwapani.

"Bi Kulthum, shikamoo. Uko tayari?"

"Mwanangu, mlango haukuvunjwa. Na huyu kijana n'mesha kumsamehe. Nyinyi Wakristo si mwasamehe? Si mwaomba hivyo kila siku?"

Cherono alikaa kando yake. Alikuwa na haraka, lakini alikaa. "Tunaomba. Na mimi naomba," alisema. "Nikuambie kitu, mama. Kwetu nilikuwa na kaka. Alishikwa na simu ya mtu sokoni. Hakuna mtu alimpeleka polisi. Hakuna mtu alimpeleka kanisani. Walimwekea tairi. Nilifika nikakuta moshi." Akafuta vumbi lisilokuwapo juu ya faili. "Kwa hivyo mimi napenda korti. Korti iko polepole, iko na makosa, lakini haichomi mtu. Wewe unasamehe, sawa. Yule jirani wako mwingine hatasamehe. Huyu kijana akiiba kwake, itakuwaje?"

Bi Kulthum alimshika mkono. Alimwonea huruma kweli, na maneno yale yalimwingia. "Mungu amrehemu kaka yako," alisema. "Lakini n'ambie neno moya. Shamba la marehemu mume wangu, Kililana, lilizungushwa ua na watu tusiowayua, na makaratasi wanayo. Mikorosho ikakatwa. N'likuya hapa hapa. N'liambiwa hiyo si kesi ya Jamhuri, ni yako mama, tafuta wakili. Shamba zima ni langu pekee yangu, na cherehani ni ya Jamhuri?"

Cherono aliligeuza faili mapajani. "Hilo si faili langu," alisema mwisho, taratibu, kama mtu anayeona haya. "Ukiulizwa mlango, sema vile unajua. Lakini lazima useme. Ukikataa kusema, hakimu ana uwezo wa kukufunga. Tafadhali mama, usifike huko."

Wakaitwa. Chumba kilikuwa na joto, feni inapiga kelele bila kuleta upepo. Ubaid alikuwa kizimbani, amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya shati. Alimwona Bi Kulthum akainamisha kichwa, hivyo hivyo alivyoinamisha siku ile msikitini. Nyuma, kwenye bao la mwisho, Hindu alikuwa amejifunika uso na mtandio.

Bi Kulthum akapanda kizimba cha mashahidi. Karani akamletea Msahafu umefungwa katika mfuko wa plastiki.

"Shika kwa mkono wa kulia, urudie maneno yangu."

Hakushika. Mikono yake miwili aliiweka juu ya ubao wa kizimba.

"Mama, shika kitabu," hakimu alisema. Alikuwa mtu mzima, amechoka, faili za siku hiyo zimemfika kidevuni.

"Sishiki, mheshimiwa."

"Wewe si Muislamu?"

"Alhamdulillahi, Muislamu. Ndiyo maana sishiki."

"Unaweza kutoa ahadi bila kitabu. Sheria inaruhusu. Utasema ukweli tu."

"Hivyo pia siwezi."

Hakimu aliweka kalamu chini. Feni ilipiga kelele. Cherono alikuwa amesimama, amefumba macho.

"Mama, nieleze."

"Mheshimiwa, mtu huyu aliitwa na msikiti, akaambiwa akirudisha hataulizwa. Ahadi ilikuwa kwa jina langu. Akaamini, akaya mchana mbele za watu, hakushikwa na mtu. Leo mwaniuliza mimi. Nikijibu kweli, n'mevunja ahadi yangu. Nikijibu uwongo, n'mevunja kiapo. Na vyote viwili nitaulizwa siku ambayo wewe na mimi tutasimama foleni moya. Basi sisemi. Na mlango wangu haukuvunjwa, hilo nalisema bila kuapa, mtalifanya mtakavyo."

Watu walianza kunong'ona. Askari akapiga kelele ya "Kimya!" Hakimu hakukasirika. Bi Kulthum angependa akasirike. Alimweleza tu, kwa sauti ya kusoma, kwamba shahidi anayekataa kuapa bila ya sababu inayotambuliwa na sheria anaweza kuwekwa ndani mpaka siku nane, au mpaka atakapokubali. Alimuuliza mara ya mwisho. Bi Kulthum alitikisa kichwa.

"Mwondoeni," hakimu alisema.

Hindu alipiga ukelele. Askari wa kike alimshika Bi Kulthum mkono, na yeye akakumbuka, jambo la ajabu, kwamba buibui la watu ameliacha sakafuni na mwenyewe atalitaka kesho. Alipokuwa anapitishwa mbele ya kizimba cha mshtakiwa, Ubaid alinyoosha mkono kutaka kumzuia.

"Bi Kulthum, apani tu, semani kweli! Mimi n'mezoea kule!"

"Nyamaza, mwanangu," alimwambia. Akatolewa.

Chumba cha mahabusi kilikuwa nyuma ya korti, sakafu ya saruji, kona moja ina ndoo isiyokuwa na kifuniko. Alifunga pua kwa mtandio. Aliogopa, na hakujificha kwamba anaogopa. Umri wote ule hajawahi kulala nje ya nyumba ya mtu anayemjua. Alitafuta upande wa kibla kwa kukisia, akasali adhuhuri yake, na katika sijda ya mwisho alilia mpaka saruji ikarowa. Lakini chini ya hofu ile kulikuwa na kitu chengine, kitu chepesi, ambacho hajakihisi tangu siku ile alipoisahau miwani. Ulimi wake leo haujamtia mtu taabuni.

Aliamini hivyo kwa muda mfupi tu. Kufuli lililia, na Koplo Crispus akafungua mlango.

"Mama, toka. Uko huru."

"Huru vipi? Sijaapa."

"Hauhitajiki tena. Kijana amebadilisha. Vile ulitolewa akapiga magoti hapo mbele, akalia, akasema anakubali kila kitu mradi mama atolewe ndani. Amesomewa upya, amekubali."

"Amekubali nini?"

"Mashtaka yote. Kuvunja nyumba na kuiba. Amepewa mitatu." Crispus alisema bila ubaya, hata kwa huruma kidogo. "Amebahatika, mama. Hakimu alimhurumia juu ya mtoto."

Bi Kulthum alijishika ukutani. "Lakini mlango haukuvunjwa."

"Sasa umevunjwa, mama. Imeandikwa."

Alisimama hivyo, mtandio umemwanguka mabegani, na kwa muda Crispus alidhani mwanamke huyu atazimia, akasogea kumshika. Hakuzimia. Aliuinua mtandio, akajifunga vizuri, akarudi mpaka katikati ya sakafu pale aliposali, akakaa kitako, miguu ameikunja.

"Mama, nimesema toka."

"Hakimu alin'hukumu siku nane."

"Mpaka utakapokubali, ama kesi iishe. Kesi imeisha! Umesamehewa."

"Nani kan'samehe?"

"Korti!"

"Hapana, Bwana Crispus," alisema Bi Kulthum. "Hapa hamusamehi mtu. Mimi n'likuya hapa na msamaha wangu mkononi, mukaukataa. Basi na wenu siutaki. Funga mlango, zihisabu siku zangu zitimie, na uandike kwamba huu umefungwa na wewe, haukuvunjwa na mtu."

Nje, Hindu alikuwa akiliita jina lake. Crispus alisimama pale mlangoni na kufuli mkononi, akatazama kushoto kwenye korido, akatazama kulia, akitafuta mtu wa kumuuliza afanye nini, na hapakuwa na mtu.